Wa Lango la Nyuma

Hakuna mzazi wa Almendra aliyewahi kuamka asubuhi akasema, mwanangu nitampeleka shule ya Barabara ya Alder. Huko watoto walihamishiwa tu. Shule kubwa ya mji ikishamchoka mtoto, kwa kupigana, kwa kuvuta bangi chooni, kwa kubeba mimba, au kwa kusinzia darasani kwa kuwa usiku kucha alikuwa kiwandani akifungasha lozi, ilimvusha barabara kuu na kumtua kwenye vyumba vinane vya bati vilivyozunguka uwanja wa saruji. Ilikuwa shule ya serikali kama nyingine, yenye bendera, mwalimu mkuu na maziwa ya bure. Ila ilikuwa ya mwisho. Aliyeshindwa pale hakuwa na pengine pa kwenda.

Ofelia Barragán alikuwa mlinzi wa uwanja huo. Mwanamke mnene, wa miaka arobaini na kitu, mwenye kovu lililotoka chini ya sikio likashuka hadi kwenye kidevu. Asubuhi alisimama mlangoni na kijiti cha kupimia chuma, watoto wakapita mmoja mmoja wakiwa wamenyanyua mikono.

"Doña Ofe, leo umeamka na sura ya polisi."

"Na wewe umeamka na sura ya mwizi. Geuka."

"Hicho kinacholia ni mshipi, Doña, usinishike kiuno nitacheka."

"Cheka. Kicheko hakijamtoboa mtu humu."

Kila mwaka ofisi ya elimu ya wilaya iliwahesabu watoto hao kwa asili yao, na jibu likawa karibu lile lile: katika kila kumi, saba Walatino, yaani wenye asili ya Kihispania, mmoja Mweusi, mmoja Mzungu kutoka zile nyumba za magurudumu kando ya barabara kuu, mmoja wa Kihmong, watu wa milima ya Asia. Mwalimu mkuu, Bwana Hofstetter, alikuwa na duara la rangi ukutani linaloonyesha hayo, na alipenda kuwasimamisha wageni mbele yake.

Duara hilo halikuonyesha kwamba wale saba walikuwa watu wa aina mbili wasioweza kunywa maji kwenye bomba moja. Kulikuwa na Wakaskazini, ambao babu zao walizaliwa papa hapa bondeni, waliogombana kwa Kiingereza na kuvaa nyekundu pale ilipowezekana. Na kulikuwa na Wakusini, ambao wazazi wao walivuka mpaka kutoka kusini juzi tu, waliokaa ng'ambo ya reli, wakagombana kwa Kihispania na kuvaa buluu. Zilikuwa rangi za magenge, na shuleni zote mbili zilipigwa marufuku, hata kwenye kamba za viatu. Haikusaidia. Watoto walijuana kwa namna ya kusimama.

Ofelia mwenyewe aliwahi kuwa mwanafunzi wa Barabara ya Alder, na Mkaskazini damu na nyama. Kovu lake alilipata akiwa na miaka kumi na sita, nyuma ya chumba cha hesabu, kwa wembe uliopachikwa kwenye mpini wa mswaki. Alikumbuka hewa baridi ikiingia mdomoni kupitia shavuni. Aliyelala juu yake akiubana mdomo wa jeraha kwa fulana yake mwenyewe, akabaki kifua wazi mbele ya shule nzima mpaka gari la wagonjwa likafika, alikuwa rafiki yake Nereida Montelongo. Mwaka uliofuata kaka yake Ofelia, Evaristo, alipigwa risasi kituo cha mafuta akijaza upepo kwenye tairi. Alianguka na mpira wa upepo mkononi, ukaendelea kupuliza. Mama yao hakupita tena njia hiyo hadi alipokufa.

Mtu aliyepitia hayo angeweza kuhama mji. Ofelia aliomba kazi pale pale. Alijiambia kwamba kama angekuwepo mtu mzima mmoja tu, siku ile, aliyejua nani anamtafuta nani, uso wake ungekuwa mzima.

Malango mawili yalikuwa wazo lake. Siku za mwanzo shule ilikuwa na njia moja ya kutokea, na kila alasiri ngumi zilirushwa njiani. Kisha mvulana mmoja wa Wakusini alidungwa bisibisi shingoni, akafa kichwa chake kikiwa mapajani mwa Ofelia, damu ikimlowesha hadi kwenye soksi. Wiki iliyofuata alimwendea Bwana Hofstetter, akamwambia ukuta wa nyuma, upande wa mfereji, utobolewe lango. Wakaskazini watoke mbele, kengele ikilia. Wahmong, Weusi na Wazungu watoke nao, kwa kuwa wa mbele walikuwa wamewazoea. Wakusini wangoje robo saa, kisha watoke nyuma. Mwalimu mkuu hakupenda.

"Tutakuwa tunawatenga watoto kwa asili, Ofelia."

"Wamekwisha kujitenga. Mimi natenganisha visu."

Lango likatobolewa, likafungwa mnyororo na kufuli, na tangu hapo gari la wagonjwa halikuonekana tena Barabara ya Alder. Ofelia alilijua hilo, na kwa sababu hiyo akalala usingizi. Kila mtoto mpya alipofika, ni yeye aliyeamua lango lake.

Denia Arzú alifika Januari, wakati ule ukungu unakaa chini hadi saa sita na miti ya lozi inaonekana kama watu waliosimama. Alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, mweusi tititi, nywele amezisuka kwa mistari. Alikuja na shangazi yake. Walikuwa Wagarifuna, Weusi wa pwani ya Honduras, na nyumbani kwao palichomwa moto na watu waliotaka kiwanja cha ufukweni. Shule kubwa iliutazama umri wake, ikaona hatamaliza kwa wakati, ikamtuma huku.

Karani alikuna kichwa. "Nimwandike nani huyu?"

Shangazi akacheka. "Andika vyote, mama. Sisi tumo kote."

Karani akatia alama mbili, Mweusi na Mlatino, mambo yakaisha. Lakini lango lilikuwa ama hili ama lile.

"Unakaa wapi, binti?" Ofelia alimuuliza kwa Kihispania.

"Mtaa wa Kern. Nyuma ya kiwanda cha zabibu."

Ng'ambo ya reli.

"Kiingereza unajua?"

Denia alitikisa kichwa.

"Basi utatokea nyuma."

Halikuwa jambo la kufikiria. Mgeni, Mhispania kwa ulimi, mkazi wa ng'ambo ya reli: kwa mtu yeyote wa Almendra huyo ni wa nyuma.

Wa nyuma hawakuona hivyo. Alasiri ile ile, wakingoja robo saa yao kivulini, msichana mmoja aitwaye Yadhira alimwita Ofelia kwa sauti ya kusikika.

"Doña Ofe, huyu umetuletea wa nini? Weusi wanatokea mbele."

"Nakusikia, dada," alisema Denia. "Kihispania ndicho nilichonyonya."

"Basi ulinyonya ziwa la jirani."

Wakacheka. Denia naye akacheka kidogo, akidhani ndiyo njia ya kuingia. Hakuna aliyesogea kumpa nafasi kwenye benchi. Akasimama peke yake karibu na mnyororo, siku ile na siku zilizofuata, wa nyuma wakimwacha nafasi kama mtu mwenye ukurutu.

Lakini wa mbele walimwona pale. Katika majuma mawili hapakuwa na mtoto wa mbele asiyejua kwamba yule Mweusi mrefu ni Mkusini. Mwenye uchungu zaidi alikuwa Brisa, binti wa Nereida Montelongo, mtoto ambaye Ofelia alimbeba siku aliyozaliwa. Binamu yake alikuwa amevunjwa taya na Wakusini siku ya Krismasi. Brisa alikuwa mfupi, mcheshi, mwepesi wa ngumi, na wawili walimfuata popote. Walimkuta Denia chooni akinawa.

"Wewe ni wa nani?"

Kiingereza cha swali hilo alikuwa amejifunza. Akajibu kwa Kiingereza chake kibovu, "Wa mama yangu."

Walimpigiza uso kwenye sinki. Ofelia alipoingia alimkuta Denia amepiga magoti, anatema vipande vya jino, na Brisa anampiga teke la mbavu akihesabu kwa sauti kama mtu anayeruka kamba. Alimvuta Brisa kwa nywele. Hakuna namna nyingine ya kumwondoa mtu aliyelewa hasira.

Bwana Hofstetter aliwapa Brisa na Denia onyo la mwisho. Anayekutwa kwenye ugomvi mara ya pili huondoka, aliyepiga na aliyepigwa, kwa kuwa hapajawahi kupatikana mtoto aliyekubali kwamba yeye ndiye aliyeanza.

Jioni ile Denia alimngoja Ofelia, shavu limevimba hadi jicho limezibwa.

"Doña, nipitishe mbele. Kule kuna Weusi. Nitasimama nao."

Ofelia alitamani kukubali. Akaona yatakayofuata, au akadhani ameyaona. "Ukipita mbele sasa, wa mbele watasema umetumwa na wa nyuma. Wa nyuma nao watasema umewauza. Utapigwa pande zote mbili. Tulia, wapoe."

"Mimi sikuwa na upande nilipokuja hapa."

"Najua."

"Sasa ninao?"

Ofelia alimpa barafu kwenye mfuko, akamtazama akipotelea kwenye ukungu, akajilaumu kidogo, halafu akaenda kuokota taka.

Mwezi Machi maua ya lozi yalikuwa yanapukutika na mfereji umejaa petali nyeupe. Wa mbele walitoka kengele ilipolia. Ofelia alingoja robo saa, akaenda nyuma, akafungua kufuli, akaliacha likining'inia kwenye ncha ya mnyororo kama alivyofanya kila siku, na kusukuma lango. Brisa alikuwa ng'ambo yake. Yeye na watu wake walikuwa wamezunguka kwa ukingo wa mfereji.

Yadhira na wenzake walitazama, wakajua haraka nani anatafutwa. "Si wetu huyo," alisema Yadhira, akasogea kando. Wote wakasogea. Denia akabaki katikati ya lango.

"Brisa, rudi nyumbani!" Ofelia alipaza sauti. "Mama yako—"

Mtu akamvaa kwa nyuma, wakaanguka. Alikanyagwa mkono, redio ikaruka. Akiwa chini aliona miguu tu, na kati ya miguu uso wa Denia ukiburutwa kwenye changarawe. Walikuwa wamemshika misuko. Mmoja alimkalia mgongoni, Brisa akawa anamkanyaga kisogo, mara moja, mara mbili, na kila kisigino kiliposhuka Denia alitoa sauti kama ya mtu anayenyanyua mzigo. Akafurukuta, akaacha shungi la nywele mkononi mwa mtu, akajivuta hadi kwenye lango na kuushika mnyororo ajiinulie. Mnyororo ukachomoka wote mkononi mwake.

Hakulenga. Aliuzungusha tu, macho yamejaa damu na mchanga. Kufuli lililokuwa nchani lilimpata Brisa jichoni.

Ulikuwa mlio mdogo, kama wa yai kwenye ukingo wa bakuli. Brisa alikaa chini. Akaweka kiganja usoni taratibu, na kilichokuwa jicho kikateremka kati ya vidole. Hapo ndipo alipoanza kupiga kelele, na Denia naye akapiga kelele, mnyororo bado mkononi, akiwazungushia waliokwisha kukimbia.

Polisi aliyefika kwanza alikuwa mzaliwa wa mji. Aliwakuta Ofelia amembana Brisa uso kwa sweta, na Denia amekaa chini kando ya ukuta, mnyororo mapajani.

"Huyu mwenye mnyororo. Wa upande gani?"

"Wa lango la nyuma," alisema Ofelia, pumzi imemwishia. Ndivyo alivyozoea kusema.

Polisi akaandika. Hakuhitaji kuuliza maana yake.

Maneno hayo manne ndiyo yaliyomfuata nyumbani. Wakili wa utetezi aliyelipwa na serikali kumtetea Denia, mwanamke mwembamba aitwaye Tashjian, alikuja Jumapili, akakaa jikoni kwa Ofelia bila kuvua koti.

"Wanasema ni vita vya magenge. Jeraha peke yake, mahakama ya watoto itampa miezi, labda mwaka. Likiongezwa neno genge, mwendesha mashtaka anataka apelekwe mahakama ya wakubwa. Miaka kumi na zaidi, halafu arudishwe Honduras. Na ushahidi wa genge ni kwamba kila siku alitokea na Wakusini, na mlinzi wa shule mwenyewe alimtaja."

"Nilitaja lango lake tu."

"Jaji hajui tofauti. Nani alimpangia lango hilo?"

Ofelia alifuta meza iliyokwisha kuwa safi.

Nereida alikuja siku ya pili yake, kutoka hospitali, nywele hajachana. Hawakukumbatiana.

"Hawakuweza kuliokoa," alisema. "Wamelikwangua, Ofe. Ana tundu."

"Nere."

"Sikuja kulia. Nimesikia wakili wa yule alifika hapa." Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. "Wewe ulishasema ulichosema kwa polisi. Usiongeze. Hilo tu."

"Yule mtoto si wa genge, Nere. Hata jina la mtaa wake hawezi kulitamka."

"Na mimi nilipokuziba shavu siku ile, nilikuuliza kwanza nani ameanza?"

Bwana Hofstetter naye alimwita ofisini, akafunga mlango. Duara la rangi lilikuwa limeondolewa ukutani. Alisema kwa upole kwamba wanasheria wa wilaya wana wasiwasi: mfanyakazi akikiri mahakamani kwamba shule iliwagawa watoto, itakuwa yeye na shule kwenye moto mmoja, na shule ina chombo cha kuuzima, yeye hana. "Unaweza kusema hukumbuki," alisema. "Watoto ni wengi."

Usiku huo usingizi ulimpaa Ofelia. Hakumwogopa mwalimu mkuu wala wilaya. Aliogopa kwamba katika maisha yake yote ni mtu mmoja tu aliyewahi kujivua nguo kwa ajili yake, na sasa mtu huyo alikuwa amemwomba jambo moja. Upande wa pili palikuwa na msichana aliyemfahamu kwa miezi miwili, ambaye hakumpenda hasa wala kumchukia. Alijaribu kuona kwamba mizani inalemea kwa Nereida. Ililemea, kila alipopima. Hata hivyo alipanda gari siku ya kesi.

Mahakama ya watoto ilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha. Denia aliingizwa na pingu miguuni. Misuko ilikuwa imenyolewa upande mmoja, penye kidonda. Nereida na Brisa walikaa nyuma, Brisa amefungwa bandeji kubwa nyeupe, ameinamisha kichwa.

Wakili Tashjian alimuuliza swali lile lile.

"Nani alimweka mshtakiwa lango la nyuma?"

"Mimi."

"Kwa sababu alikuwa mwanachama wa Wakusini?"

"La. Kwa sababu ya mtaa wake na lugha yake. Hakuwa na mtu yeyote. Wa nyuma hawakumtaka hata kwenye benchi. Wa mbele walimpiga kwa kuwa nilimsimamisha pale. Aliniomba nimtoe. Nilikataa."

Mwendesha mashtaka akainuka. "Bi Barragán, una miaka mingi kazini. Unatuambia huwezi kumtambua mtoto wa genge?"

"Nawatambua," alisema Ofelia. "Nawatambua kwa sababu nawapanga. Mtoto anaingia kwangu hana kitu, namwonyesha lango, na baada ya mwezi kweli anakuwa wa pale. Nikadhani nina jicho zuri."

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba shitaka la genge linafutwa, na kwamba kosa la kujeruhi litabaki mahakama ya watoto. Denia alimgeukia mkalimani kumuuliza kimesemwa nini, na alipoelezwa alilaza paji la uso mezani. Hakumtazama Ofelia alipotolewa. Ofelia hakuwa amelitarajia hilo, akashangaa lilivyomchoma.

Nereida alikuwa anamngoja kwenye maegesho, karibu na gari lake. Brisa alikuwa amekaa ndani, mlango wazi, jua linamwangukia bandejini.

Pigo la kwanza lilimpata Ofelia puani, kwa ngumi iliyoshika funguo. Akasikia mfupa ukiachana. Damu ikamjaa mdomoni, ikamwagika kifuani. Alirudi nyuma hatua, mgongo ukagota kwenye gari, akabaki amesimama.

"Umemtetea!" Nereida alikuwa anahema. "Umesimama mbele ya jaji ukamtetea! Kesho kutwa wanamshtaki wangu, unajua? Kwa ule ugomvi. Wameshamwandika genge, Mkaskazini. Yeye nani atamsemea? Hajafikisha hata miaka kumi na saba, jicho hana, na wanataka kumfunga kama jambazi. Miaka yote miwili ametokea lango la mbele na wale wapuuzi. Nani alimweka pale? Eh? Nani alimpangia?"

Mlinzi wa mahakama alikuwa ameanza kukimbia kutoka upande wa pili, mkono kiunoni. Ofelia alinyanyua kiganja chenye damu kumzuia asije. Ndani ya gari, Brisa alikuwa ameinua kichwa, anamtazama kwa jicho moja, anangoja jibu kama mama yake.

"Mimi," alisema Ofelia.

Nereida akampiga tena.